Nimeambiwa niingie tiba ya kikundi chuoni: nimetupwa, au ni tiba kweli?

*"Nina miaka 22, niko mwaka wa pili. Tangu muhula uliopita usingizi umenikimbia. Nalala saa nane usiku, saa kumi na moja macho yako wazi. Nimepata sapu mbili, zote za kozi zenye prezentesheni, kwa sababu siku ya kuwasilisha sikutokea. Nikisimama mbele za watu mikono inatetemeka, sauti inakatika. Nyumbani nako kuna jambo zito ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilienda kitengo cha unasihi hapa chuoni nikitarajia kukaa na mnasihi mimi na yeye tu. Tuliongea nusu saa, akanipa dodoso nijaze, kisha akasema nitafaa zaidi kwenye kikundi: wanafunzi wanane, kila Jumatano jioni, wiki nane. Nimetoka nikiona nimetupwa kwa sababu wanasihi hawatoshi. Chuo chetu ni kidogo, tunajuana; nikisema ya nyumbani yatafika hosteli kabla yangu. Na mtu anayeogopa watu anapelekwaje kwa watu? Kusikiliza shida za wengine si kujiongezea? Nikubali, au nitafute wa kunisikiliza peke yangu? Na je, watampigia mama?"*

Ukiyakusanya maswali yako yote, moja ndilo linalobeba mengine: je, hii ni tiba, au ni namna ya kupunguza foleni mlangoni kwa mnasihi? Nianze na jibu fupi. Kwa dalili ulizoeleza, kikundi ni tiba halali, na kwa ile hofu ya kusimama mbele za watu huenda kikakufaa kuliko kukaa chumbani na mnasihi mmoja. Lakini vikundi vibovu vipo, na vinaweza kumuumiza mtu. Usikubali wala usikatae kabla hujauliza maswali nitakayokupa huko chini.

Kuhusu kutupwa, sitakuficha: uhaba upo. Vyuo vingi vya kwetu vina wanasihi wachache mno kwa maelfu ya wanafunzi, na anayeweza kuwahudumia wanane kwa saa moja na nusu ana kila sababu ya kuipenda hesabu hiyo. Hata tiba yenyewe ilizaliwa na uhaba. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu wasioweza kulipia matibabu ya kulazwa, awafundishe kwa pamoja namna ya kujitunza wakiwa nyumbani, na ikaonekana kwamba kule kukutana tu kunawatia nguvu. Ila kitu kuanza kwa uhaba hakukifanyi kiwe hafifu. Tafiti zilizolinganisha tiba ya mtu mmoja mmoja na ya kikundi, kwa tatizo lilelile na mbinu ileile, mara nyingi hukuta matokeo yanakaribiana, hasa kwenye sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, na wasiwasi.

Ushahidi mwingine uko jirani. Katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulifuatilia wanavijiji wenye sonona waliokutana kwa dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Sonona ilipungua sana kwao kuliko kwenye vijiji ambavyo havikupata vikundi, na waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofunzwa kwa wiki mbili tu. Kenya nako, vikundi vya mpango uitwao Shamiri kwa wanafunzi wa sekondari, vyenye vikao vinne vilivyoongozwa na vijana waliotoka kumaliza shule karibuni, vilipunguza sonona na wasiwasi kuliko vikundi vya kufundishana mbinu za kusoma. Hao si wanafunzi wa chuo, lakini umri na mazingira yao yako karibu nawe kuliko ya Boston.

Sasa tuje kwenye hofu yako, maana ndipo uamuzi ulipo.

Hofu ya kutazamwa na kupimwa na watu hujilisha yenyewe. Siku ya prezentesheni inakaribia, kichwa kinakuambia: nitatetemeka, watanicheka, nitaonekana sijui kitu. Hukutokea. Dakika ileile mwili ukapoa, ukapata nafuu kubwa. Nafuu hiyo ndiyo inayoharibu, kwa sababu ubongo unaisoma hivi: kumbe kulikuwa na hatari ya kweli, na tumeponea kwa kukimbia. Prezentesheni inayofuata inakuja na hofu nzito zaidi, ingawa hakuna kilichokupata ile ya kwanza, hukuwepo. Kuna pia kukimbia kwa siri, hata ukiwa umesimama palepale: kusoma karatasi bila kuinua uso, kushikilia meza ili mikono isionekane, kuongea haraka umalize. Ukifanya hivyo masikio yako yanageukia ndani, unasikiliza mapigo ya moyo wako, kisha unaamini kwamba unavyojisikia wewe ndivyo wanavyokuona wao. Usiku ukifika unarudia tukio zima kitandani, sentensi kwa sentensi. Sehemu ya usingizi wako inapotelea hapo.

Mnasihi mmoja anaweza kukueleza haya yote vizuri kuliko mimi, na bado ukatoka ofisini hofu ikiwa vilevile. Yeye umeshamzoea, na unajua kazi yake ni kukuhurumia. Asichoweza kukupa ni nyuso saba za watu wa rika lako ambao hawalipwi kukusikiliza. Kikundi kinazo. Ndiyo maana swali lako la "anayeogopa watu anapelekwaje kwa watu" lina jibu: anapelekwa kwa watu wachache, walewale kila wiki, chumba kilekile, kwa masharti yanayojulikana na kwa kipimo anachopanga mwenyewe.

Ondoa pia picha ya jukwaa. Kikao hakina kusimama wala kuitwa kwa orodha. Watu hukaa kwa duara. Kwa kawaida dakika 10 hadi 15 za mwanzo kila mmoja husema kwa sentensi moja au mbili anaingiaje leo. Katikati ndipo kazi yenyewe, karibu saa nzima. Dakika 10 za mwisho ni za kufunga ili mtu asitoke akiwa na jeraha wazi. Una haki ya kusema "leo napita". Kikao cha kwanza sentensi kama hii inatosha kabisa: "Niko mwaka wa pili. Kuongea kwenye kikundi kunanitisha, leo nitasikiliza zaidi." Ukishasema hivyo, tayari umefanya tiba.

Kuanzia hapo panda ngazi polepole. Kikao cha pili, mjibu mtu mmoja. Cha tatu, uliza swali. Cha nne, zungumza dakika mbili juu ya jambo moja. Kabla ya kila kikao andika kwenye daftari unachotabiri na kwa uhakika wa asilimia ngapi: "nitatetemeka na watu watacheka, asilimia 80." Ukiwa pale inua uso na uwaangalie, maana bila kuwaangalia hutapata jibu. Kisha fanya lile ambalo huwezi kulifanya darasani: waulize, "Nilipokuwa naongea, mliona nini?" Mara nyingi jibu ni kwamba hawakuuona mtetemeko, au waliuona na haukuwahusu. Rudi daftarini uandike kilichotokea kweli kando ya ulichotabiri. Baada ya wiki nane utakuwa na ushahidi wa mkono wako mwenyewe, na huo ndio unaoingia kichwani kuliko maneno ya mtaalamu.

Lile la nyumbani ni suala jingine. Watu watakuambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa maradhi ya mwili sina ubishi. Lakini methali hiyo haikuagizi umwage kila kitu Jumatano ya kwanza. Anayefunguka mno kikao cha kwanza mara nyingi ndiye asiyeonekana cha pili. Anaamka asubuhi akiwa na aibu mpya juu ya ile ya zamani. Kuna tabaka tatu za jambo: linakufanya ujisikieje, linakuzuia nini maishani, na ni kitu gani hasa kilitokea. Anza na la kwanza na la pili. "Kuna jambo nyumbani linanifanya niogope kupokea simu ya mama" inatosha wenzio wakuelewe na wakusaidie, na bado hakuna mbea anayeweza kuitengenezea habari. Tabaka la tatu unaweza kulifikia wiki ya tano, au ukalipeleka kwa mnasihi faragha, au usilitoe kabisa. Aibu hupungua pale mtu anapokusikia na uso wake usibadilike, na hilo linaweza kutokea hata kabla hujasimulia kisa.

Kwa usiri, nikupe ukweli wote. Mnasihi anafungwa na maadili ya kazi yake. Wanafunzi wenzako wanafungwa na ahadi, na ahadi ina nguvu kiasi cha watu walioitoa. Hakuna atakayekuhakikishia kwa asilimia mia, na anayekuhakikishia hivyo hajui kazi. Kinachopunguza hatari ni maandalizi: mapatano ya maneno au ya maandishi kikao cha kwanza, yanayosema wazi kwamba unaweza kusimulia ya kwako nje lakini si ya mwenzio, hata bila jina, kwa sababu kwenye chuo kidogo "kuna mdada wa mwaka wa pili" ni jina tayari. Simu zinazimwa na kuwekwa mbali. Kusiwe na grupu la WhatsApp la wanachama. Taarifa za ratiba atume mnasihi kwa kila mtu peke yake. Vikundi vingi vizuri huharibikia kwenye simu, pale wawili au watatu wanapoendeleza kikao usiku na wengine kubaki nje. Mkubaliane pia mkikutana kantini mnasalimianaje, na ukiulizwa "unamjulia wapi huyu?" utajibu nini.

Usiri una mipaka ambayo mnasihi anapaswa kukutajia mwanzoni: maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhuriwa, au mahakama ikiagiza. Kuwa na mawazo ya kukata tamaa hakumfanyi akutangaze. Atakuuliza zaidi ajue hatari ni ya kiasi gani.

Je, shida za wengine zitakuelemea? Kwenye vikao vya mwanzo huenda ukatoka mzito kuliko ulivyoingia. Hilo ni la kawaida na mara nyingi hupita baada ya kikao cha tatu au cha nne. Kinachoelemea kwa muda mrefu ni kulalamika kwa pamoja bila kusogea, kila mtu akichochea la mwenzake. Wanafunzi hufanya hivyo hosteli kila usiku, kisha wanashangaa kwa nini "kuongea" hakujawasaidia. Anayeongoza vizuri hukata mzunguko huo kwa maswali ya aina ya "ukafanya nini baada ya hapo?" au "nani mwingine hapa analijua hili, na yeye alivukaje?" Pia huzuia maelezo ya namna mtu alivyojidhuru, kwa sababu maelezo ya njia ndiyo yanayoweza kuambukiza, maumivu yenyewe yanazungumzika. Na kuna upande ambao wengi hawautarajii: siku utakayomwambia mwenzio neno likamfaa, utaiona thamani yako kwa njia ambayo hakuna mnasihi anayeweza kukuambia.

Haya ndiyo ya kumuuliza mnasihi kabla ya Jumatano, ana kwa ana au kwa simu. Kikundi hiki ni cha namna gani? Kipo cha elimu, ambacho ni kama semina fupi juu ya msongo. Kipo cha stadi, chenye mazoezi na kazi ya kufanya nyumbani. Kipo cha mahusiano, ambapo mnatazama mnavyohusiana ninyi kwa ninyi hapo chumbani. Kwako wewe cha pili au cha tatu. Kikiwa ni mihadhara mitupu wiki nane, utajifunza maneno na hofu itabaki. Kimefungwa au kiko wazi? Kilichofungwa hakipokei mtu mpya katikati, na kwa mwenye aibu hilo ni muhimu. Nani wengine wapo? Hawezi kukutajia majina, lakini wewe unaweza kumpa majina ya watu usiotaka kukaa nao: mnayelala chumba kimoja, mpenzi wa zamani, ndugu, mtu aliyekudhuru. Kama yupo mmoja wao, akupeleke kikundi kingine. Anaongoza peke yake au na mwenzake? Wawili ni bora. Mmoja anazungumza, mwingine anatazama nyuso. Wanane ni idadi nzuri. Wakizidi 12 ni darasa, na wakianza watano wakakosekana wawili, kikao kinakufa.

Uliza pia faili lako linakaa wapi na nani analisoma. Kumbukumbu za unasihi hazipaswi kuwa pamoja na matokeo yako ya masomo, wala idara yako haina sababu ya kuziona. Kwa hizo sapu unaweza kuomba barua inayosema tu kwamba unahudhuria huduma, bila kueleza nini.

Na ratiba. Hapa wengi hawaulizi, kisha kikundi kinasambaratika wiki ya majaribio. Hesabu Jumatano nane ukizilinganisha na kalenda ya chuo. Kikianza wiki ya tatu ya muhula kitaisha kwa raha kabla ya mitihani. Kikianza wiki ya kumi, mtakuwa mnaaga watu kila wiki. Kama kimechelewa, ni haki kuomba kuanza muhula ujao na kupewa vikao viwili vitatu vya peke yako kwa sasa.

Ukianza, jipe vikao vinne kabla ya kuhukumu, isipokuwa ukitokea unyanyasaji au siri ikivuja bila mnasihi kuchukua hatua. Hapo ondoka mara moja. Dalili za kikundi kibovu ni hizi: mtu mmoja anakula muda wote kila wiki na hakuna anayemkatiza, mnasihi anahubiri au anatoa ushauri badala ya kuuliza, anayelia anaharakishwa kunyamaza, mtu anatoweka na halisemwi neno. Ukiamua kuacha, rudi kikao kimoja useme kwamba unaacha. Kwa mwenye tabia ya kutotokea siku ngumu ikifika, kuaga kwa mdomo ni zoezi lenye faida kuliko vikao viwili.

Lile dodoso ulilojaza, kama ni lile la maswali 9 la sonona, alama zake ni 0 hadi 27, na 10 kwenda juu huashiria sonona ya kiasi cha kati au zaidi. Omba kujua alama zako, na ulijaze tena katikati na mwishoni. Zikishuka kwa 5 au zaidi, kuna mabadiliko ya kweli. Zisiposogea kufikia kikao cha tano, mwambie mnasihi. Huenda unahitaji vikao vya peke yako sambamba na kikundi, au dawa. Dawa za sonona hazilevyi wala hazikufanyi mtumwa wake, ila huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi na huandikwa na daktari, si muuza duka.

Kabla ya yote, pita zahanati ya chuo upimwe. Kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi vinaweza kutokana na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hasa kama pia unakonda huku unakula. Na uwe mkweli juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa. Kopo moja la saa moja jioni linaweza kuwa bado linafanya kazi mwilini ukilala saa nane.

Unasihi wa peke yako ndio wa kutangulia kama lile la nyumbani ni kubakwa au kupigwa na ni la hivi karibuni, kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama kuna siku kadhaa hulali kabisa na bado unajisikia una nguvu za ajabu, kama unakunywa kila siku ili utulie, au kama huwezi kuinuka kitandani kuoga na kula. Mambo hayo mwambie mnasihi hata kama hakuuliza. Nusu saa ni fupi na huenda hayakugusiwa. Na kama unawaza kujiua, hasa ukiwa umefikia kufikiria namna na wakati, usisubiri Jumatano. Mwambie mtu mmoja leo akusindikize hospitali ya wilaya au ya mkoa, kitengo cha dharura, na akae nawe mpaka uonwe. Dawa, sumu au chochote ulichokifikiria kiwe mikononi mwa mtu mwingine usiku huo.

Kuhusu mama: una miaka 22, ni mtu mzima. Mnasihi hana ruhusa ya kumpigia bila ridhaa yako isipokuwa kwenye ile mipaka ya hatari niliyoitaja, na hata hapo anapaswa kukuambia kwanza ikiwezekana. Fomu za chuo huwa na nafasi ya mtu wa kupigiwa dharura. Angalia uliyemwandika mwaka wa kwanza, na kama si yeye unayemtaka kwa jambo hili, omba kitengo cha unasihi kiandike mwingine: shangazi, mjomba, kaka mkubwa, yeyote mwenye utulivu unayeamini atasikiliza kabla ya kuuliza.